Dalili Zinazomshtua Mwanamke Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Ovari
Mada kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Usagara, Tanga



Mwanamke anaporuhusiwa baada ya kupasuliwa ovari, maelekezo anayopewa karibu yote ni ya kidonda: usikiloweshe, rudi utolewe nyuzi, usibebe ndoo. Ni maelekezo mazuri. Lakini akishafika nyumbani, kinachomnyima usingizi mara nyingi si kidonda. Ni bega linalouma, ni jasho la usiku wa manane, ni damu aliyoiona chooni na siku zake bado. Mambo hayo yako mbali na mshono, kwa hiyo yeye hayahusishi na upasuaji, wala wa nyumbani kwake hawayahusishi. Mmoja atapelekwa kwa mganga kutafutiwa aliyemtupia jini. Mwingine, na huyu ndiye ninayemhofia zaidi, hatapelekwa popote, kwa sababu jirani amesema ni kawaida.

Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba hatuwezi kuifasiri dalili yoyote kabla ya kujua kilichotolewa. Mwulize mwenyewe, atakwambia "nilitolewa uvimbe," basi. Sasa, yuko aliyetolewa uvimbe peke yake na ovari ikaachwa. Yuko aliyetolewa ovari moja. Yuko aliyetolewa zote mbili, pengine na kizazi. Kwa nje wote wana kovu la namna moja, ila miezi inayowangoja haifanani hata kidogo.

Aliyebakiwa na ovari moja nzima ataendelea kupata hedhi na anaweza kushika mimba. Siku chache baada ya upasuaji anaweza kuona damu kidogo, akadhani mshono wa ndani umefumuka. Mara nyingi sababu ni homoni. Ovari ikishaachia yai, sehemu lilikotoka hubaki ikitoa projesteroni, inayoushikilia utando wa kizazi. Daktari akiiondoa sehemu ile, projesteroni hushuka ghafla na utando hutoka. Damu hiyo huisha yenyewe. Anayelowesha pedi kila saa, au anayeona kizunguzungu akisimama, huyo apelekwe hospitali wakati huo huo.

Aliyetolewa zote mbili kabla ya kukoma hedhi ana habari nyingine. Wenzake hukoma polepole, kwa miaka. Yeye hukomeshwa siku moja. Ndani ya siku au wiki chache joto humpanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho likamtoka, kisha akasikia baridi. Hapa Tanga, kaskazi ikivuma, nani atamwamini? Nyumba nzima inajipepea. Tofauti ipo, tumfundishe aitambue: joto la kaskazi liko kwa wote na linashinda kutwa, lake huja kwa mawimbi ya dakika chache na humwamsha usiku wakati wengine wamelala. Hufuatana na kukosa usingizi, hasira za ghafla, maumivu ya viungo na ukavu ukeni. Huo ukavu ndio unaovunja nyumba kimya kimya, maana mke anaumia na haoni pa kusema, mume naye anahesabu kwamba amechokwa. Vilainishi vya maji vipo, na mazungumzo hayo ni kazi yetu, hata kama tunaona haya. Kama hajafika miaka 45, kwa kawaida inashauriwa apewe homoni mpaka karibu na umri wa kukoma hedhi, kwa ajili ya mifupa na moyo pia, isipokuwa pale aina ya ugonjwa wake inapokataza, kama baadhi ya saratani. Hilo ataamua daktari wa wanawake. Sisi tuhakikishe anamfikia.

Bega nalo. Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili daktari aone. Mabaki yake husumbua kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na kwa kuwa neva ya kiwambo hutokea shingoni, maumivu husikika begani. Huisha siku mbili tatu. Lakini damu inayovuja tumboni nayo hugusa kiwambo kile kile, ndiyo maana mwenye mimba iliyopasuka nje ya kizazi naye hulalamikia bega. Bega pamoja na weupe wa macho, tumbo linalojaa na kuishiwa nguvu halina mjadala: gari, na moja kwa moja hospitali ya Bombo.

Homa sisi watu wa pwani tunaipa jina kabla ya kuipima. Mtu ana siku ya saba tangu apasuliwe, mwili unachemka, ndugu wanakwenda duka la dawa kununua mseto. Apimwe malaria, sawa. Kipimo kikionyesha malaria, bado funua nguo utazame kidonda, bonyeza tumbo, uliza uchafu ukeni na harufu yake. Vimelea na usaha havizuiani kukaa katika mwili mmoja.

Ganzi kuzunguka kovu, koo kukwaruza baada ya nusu kaputi, tumbo kujaa hewa siku za mwanzo: hayo mnayajua. Ila tumbo likizidi kuvimba, hewa haitoki na anatapika, asingoje kesho.

Niseme juu ya arobaini. Huku kwetu mwanamke aliyepasuliwa tumbo hutendewa kama mzazi: hukandwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hulazwa. Mkaja uliolegea unaosaidia akikohoa sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na maji ya moto juu ya mshono mbichi. Kulala ndiko kunakonitisha, kwa sababu damu huganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na shavu lake likauma, au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni dharura. Na kuinuka mapema si jambo geni: mnamo Desemba 1809, huko Kentucky, Marekani, daktari Ephraim McDowell alimtoa Jane Todd Crawford uvimbe wa ovari wa kilo kumi hivi, bila dawa ya usingizi. Siku ya tano alimkuta anatandika kitanda chake, naye aliishi hadi 1842. Simtaki mtu atandike vitanda vya nyumba nzima, lakini ainuke, atembee uani. Na tuwaite makungwi na mabibi tuzungumze nao mapema, maana wao ndio watakaokuwa chumbani sisi tukiwa zamu.

Napendekeza karatasi ya ruhusa iandikwe, kwa Kiswahili, kilichotolewa, kilichobaki, na kama kinyama kimepelekwa maabara. Hilo la mwisho lina shida ambayo sijaona ikitatuliwa vizuri: majibu hurudi mgonjwa ameshaondoka. Akiwa mbali, tuseme Maramba, na simu aliyoiandikisha ni ya shemeji, nani atamtafuta, na ndani ya siku ngapi? Naomba majadiliano yaanzie hapo.