Msaada wa Dawa: Tusome Kasha Kabla ya Kushukuru

(Mazungumzo na wanakijiji, karibu na Kwihara, Tabora)



Hospitali za Ulaya na Marekani zina vitu vingi kupita haja yao. Vinavyobaki hufungwa katika makasha, vikaletwa nchi kama yetu. Glovu, bandeji, vitanda, mashine. Ni jambo jema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini sisi ni watu wa njia ya misafara. Babu zetu walibeba mizigo toka pwani mpaka Ujiji. Walijua kuwa mzigo kutumwa si mzigo kufika. Tembe la Livingstone mnalijua, lipo hapo Kwihara. Mwaka 1867 watu wake walitoroka na sanduku lake la dawa. Akaugua sana. Baadaye alitumiwa vitu kutoka Unguja. Alipofika Ujiji mwaka 1871, alikuta mtu aliyekabidhiwa vitu hivyo ameviuza vyote! Stanley ndiye aliyemletea dawa, kisha mwaka 1872 wakaja pamoja huku kwetu.

Siku hizi mzigo unafika. Taabu huanza tukiufungua. Katika zahanati moja niliona mashine nzuri imefunikwa khanga. Ilitoka Marekani. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni volti 230. Walipoichomeka, moshi! Na mganga hakuulizwa anataka nini. Yeye alitaka mizani ya watoto.

Sasa dawa. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo. Dawa ya msaada ikifika nchini iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kuisha. Maandishi yake yaeleweke kwa waganga wa nchi hiyo. Isiwe dawa iliyorudishwa na wagonjwa. Maana dawa iliyokwisha muda haitupwi jalalani ovyo. Kuiteketeza ni gharama, na gharama hiyo ni yetu.

Ninyi mnajua kusoma. Kasha likija, wajumbe wa kamati ya zahanati msipige makofi tu. Tafuteni herufi EXP. Tarehe inayofuata ndiyo mwisho wa dawa.

Tena kasha lisitangulie orodha. Wengine husema mfadhili akipewa orodha atakasirika. Mimi sikubali. Anayekununulia viatu si lazima ajue mguu wako?

Basi, keshokutwa jioni mganga mfawidhi atakuja hapa na daftari la stoo. Tutaandika pamoja kinachopungua. Njooni na kalamu.