Mahindi Yalisafiri Bila Chungu Chake

 

Siku nyingi tumezungumza juu ya mahindi yakiwa shambani: nafasi za kupandia, mbolea, palizi, na wadudu wanaotoboa mabua. Leo tutaliacha shamba twende jikoni. Na jiko tutakaloingia si la hapa kwetu. Ni jiko la Meksiko na Guatemala, huko Amerika, kwenye asili ya mahindi yenyewe.

Jina muhindi lisitudanganye, ndugu zangu. Zao hili halikutoka Bara Hindi. Wakulima wa kusini mwa Meksiko walilipata kutokana na jamii ya nyasi za porini, yapata miaka 9,000 iliyopita. Huku pwani ya Afrika Mashariki lililetwa na Wareno, baada ya mwaka 1500. Wareno walileta mbegu, lakini namna ya kuipika hawakuileta. Na jambo hilo si dogo, maana mahali pengine duniani liligharimu maisha ya watu wengi.

Hebu kwanza tumtazame mama wa kijijini huko Meksiko. Jioni huchukua mahindi makavu, tuseme kilo moja, akayatia chunguni pamoja na maji lita mbili au tatu. Kisha hutia chokaa, gramu 10 hivi, yaani kiasi cha kijiko kikubwa kimoja. Huyachemsha kwa nusu saa mpaka saa moja, halafu huepua chungu na kuyaacha mahindi yalale humo humo usiku kucha. Kukicha, ganda la punje limekwisha kulegea. Humwaga yale maji ya chokaa, akayafikicha mahindi kwa mikono na kuyaosha vizuri kwa maji safi. Ndipo huyasaga yangali na unyevu. Zamani ilikuwa juu ya jiwe; siku hizi wengi hupeleka mashineni.

Kinachopatikana si unga mkavu kama wetu, ni donge laini. Donge hilo hupigwa kwa viganja likawa chapati nyembamba iitwayo tortilla, nayo huiva kwa dakika chache juu ya kaango bapa la udongo, bila mafuta. Donge hilo hilo likikorogwa katika maji huwa uji, nao huitwa atole. Likifungwa ndani ya maganda ya nje ya hindi na kupikwa kwa mvuke, hizo ni tamales. Na punje nzima zilizotoka maganda zikichemshwa pamoja na nyama, hiyo ni pozole, chakula cha sherehe.

Wala si Meksiko peke yake. Wacherokee na makabila mengine ya Amerika ya Kaskazini walipika mahindi yao kwa jivu la kuni badala ya chokaa. Huko kwenye milima ya Peru pia, jivu au chokaa hutumika kuyatoa maganda mahindi ya kuchemsha. Desturi hii ina umri wa zaidi ya miaka 3,000.

Sasa mtu atauliza: Bwana shamba, chokaa katika chakula ni ya nini?

Kazi ya kwanza mmekwisha kuiona, ni kutoa ganda. Ya pili, hufanya donge lishikamane. Ya tatu ndiyo kubwa. Ndani ya punje ya hindi imo vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa. Tumbo la binadamu haliwezi kuifungua yote, kwa hiyo sehemu kubwa hupita bure. Chokaa au jivu huifungua, nayo huingia mwilini. Wale bibi wa kale hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba mahindi ya namna hiyo hujenga watu.

Wahispania waliyachukua mahindi wakayapeleka Ulaya, na chokaa wakaiacha nyuma. Watu maskini wa Hispania ya kaskazini na Italia wakawa wanakula mahindi matupu, na ugonjwa mpya ukatokea. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliueleza huko Hispania. Baadaye Waitalia wakauita pelagra. Ngozi inayopigwa na jua, ya mikono na shingo, hubabuka na kuwa nyeusi. Mgonjwa huharisha, akili huchanganyikiwa, na mwisho wake, asipotibiwa, ni kifo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulienea katika majimbo ya kusini ya Marekani, kwa wakulima maskini waliokula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sharubati ya miwa. Mashine zilikuwa zimeanza kuondoa hata kiini cha punje. Watu walidhani ni maambukizo. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa na serikali mwaka 1914, alisema hapana, ni chakula. Ili kuwathibitishia wenye shaka, mwaka 1916 alijidunga damu ya wagonjwa, wala hakuugua. Mwaka 1937 ikajulikana kwamba niasini ndiyo dawa.

Msidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Mwaka 1990, hapa jirani Malawi, wakimbizi kutoka Msumbiji walikuwa wakiishi kwa mgao ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Karanga zilipokosekana katika mgao huo, watu zaidi ya 18,000 waliugua pelagra. Karanga tu, ndugu zangu.

Hapo ndipo tunapoona siri ya pili ya jiko la Meksiko. Mahindi hayakai peke yake, shambani wala mezani. Shamba lao la asili, liitwalo milpa, lina mahindi, maharage na maboga kwa pamoja. Maharage hupanda juu ya bua la muhindi na kurutubisha ardhi. Maboga hutambaa chini, yakazuia magugu na kutunza unyevu. Jikoni nako ni vivyo hivyo: tortilla, chungu cha maharage, mbegu za maboga zilizokaangwa, nyanya na pilipili. Upungufu wa mahindi hujazwa na maharage.

Basi sisi tufanye nini? Sikuambieni mkakwangue chokaa ya ukutani, hasha. Hiyo ni ya nyumba, na yaweza kuwa na uchafu wenye sumu. Chokaa ya chakula ni safi na ni ya namna yake. Wako akina mama wetu wanaotia magadi kidogo katika makande ili yalainike upesi. Ni vizuri, lakini tusidhani imemaliza kazi yote ya chokaa.

Njia iliyo rahisi kwetu ni hii. Ugali usiliwe na mchuzi wa chumvi au majani matupu siku nenda siku rudi. Uandamane na maharage, kunde, karanga, dagaa, maziwa au yai, chochote kati ya hivyo mnachokipata. Uji wa mtoto utiwe karanga zilizosagwa. Dona ipendwe kuliko sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe pe. Na mkulima unapopanga shamba lako, usiyatoe maharage na kunde ili mahindi yaenee kila mahali. Ukiona ngozi ya mtu imebabuka shingoni na mikononi, naye anaharisha, usimpeleke kwa mganga wa kupiga ramli. Mpeleke zahanati, maana dawa ipo.

Mwisho, ndugu wakulima, kila mara mtakapoletewa mbegu ngeni, msiulize tu inazaa magunia mangapi kwa eka. Ulizeni pia: wenyewe huipikaje, na huila na nini?