Mama Mjamzito, Miguu Ikikunyima Usingizi

Kina mama wa Kibera na Kawangware, nanyi kina baba mliofika, leo tuongee juu ya jambo ambalo wengi hunyamaza nalo. Jioni mama akishajilaza, miguu yaanza kumsumbua ndani kwa ndani, kama sisimizi wanatembea. Akiichezesha, inatulia. Akiacha, inaanza tena. Na kwa vile nyumba ni chumba kimoja, baba na watoto nao hawalali.

Wengine husema ati amerogwa. Hapana! Huu ni ugonjwa unaojulikana. Daktari Karl-Axel Ekbom wa Uswidi aliueleza mwaka wa 1945. Huzidi miezi mitatu ya mwisho, na mara nyingi huisha baada ya kujifungua.

Chanzo kimoja ni upungufu wa madini ya chuma, kwa maana mtoto huyachukua kwa mama. Hata ile hamu ya kula odowa yaweza kuwa dalili yake. Lakini odowa haiongezi damu, jameni!

Basi tufanye nini?

Kwanza, mweleze muuguzi wa kliniki, upimwe damu. Kwa mjamzito, ikiwa chini ya 11, imepungua.

Pili, vile vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki, meza kila siku. Choo kikiwa cheusi usiogope, wala usivitupe.

Tatu, usivimeze kwa chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ukishakula, ngoja saa moja au mbili ndipo unywe. Kula maharagwe, omena na terere, pamoja na chungwa au limau.

Nne, usijinunulie dawa ya usingizi. Hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, kama Piriton, vyaweza kuzidisha shida hii.

Usiku, nyoosha miguu taratibu kabla ya kulala, na baba akukande. Lakini mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe. Hapo, au kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, nenda hospitali mara moja.

Kina baba, msimwambie mama ni mvivu. Mama aliyepungukiwa na damu yuko hatarini zaidi akitokwa na damu wakati wa kujifungua. Miguu inayomkesha leo huenda inatuonya mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.