Somo la Redio: Kuutafuta Mtandao Usio na Waya

Wanafunzi wa Ilagala, na ninyi nyote mnaotusikiliza katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, leo nitazungumza nanyi juu ya kompyuta ya nyumbani, na jinsi inavyopata intaneti pasipo waya. Baadhi yenu mmekwisha kununua kompyuta kwa fedha ya dagaa au ya mawese, na sasa mnaona bando la mwezi linakwisha kwa siku mbili. Basi somo hili lawahusu hasa.

Sauti yangu yawafikia kwa mawimbi ya redio. Kompyuta nayo hutumia mawimbi ya redio, lakini iko tofauti. Redio yako hupokea tu, haiwezi kunijibu. Kompyuta hupokea na kutuma, kwa hiyo lazima ipatane na chombo kingine kilicho karibu. Hapa kwetu mara nyingi chombo hicho ni simu yako mwenyewe, inayogawa intaneti yake. Vijana huita hotspoti. Mawimbi hayo ni ya nyumba na ua wake tu, hayavuki mto Malagarasi. Ukuta mnene huyadhoofisha, na bati huyarudisha nyuma.

Simu nayo hupata intaneti kutoka mnarani. Hivyo yawezekana kompyuta ionyeshe nguvu kamili, na intaneti isiwepo. Kompyuta yaisikia simu vizuri, ila simu haiusikii mnara, au bando limekwisha. Watu wengi huilaumu kompyuta bure. Itazameni simu kwanza.

Sasa fungueni hotspoti katika simu, msome jina la mtandao na neno la siri. Katika kompyuta nyingi za Windows, tazameni pembe ya chini upande wa kulia, karibu na saa. Pana alama mfano wa viwimbi vya maji baada ya kutupa jiwe ziwani. Ibonyezeni kwa kipanya. Yatatokea majina mengi. Msistaajabu, mengine ni mitandao ya majirani. Chagueni jina lenu, mbonyeze neno la Kiingereza Connect, maana yake Unganisha, kisha mwandike neno la siri. Angalieni herufi: A kubwa na a ndogo si kitu kimoja hapa. Ninyi mliojifunza kuandika juzi mna macho makali kwa jambo hili kuliko sisi wa zamani.

Jina lisilo na kufuli ni mtandao ulio wazi. Msitumie mtandao wa namna hiyo kwa mambo ya fedha. Mtu mwingine aweza kuupa mtandao wake jina lilelile, na kompyuta iliyozoea kujiunga yenyewe ikaingia kwake bila kuwauliza. Mtandao msioutaka tena, bonyezeni jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mchague Forget, yaani Sahau. Tena, kubahatisha neno la siri la jirani si werevu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki.

Turudi kwenye bando. Kompyuta haijui kuwa intaneti yenu mmeinunua kwa kipimo. Ikiona mtandao usio na waya hudhani intaneti haina mwisho, nayo huanza kujivutia marekebisho ya programu zake, mizigo mikubwa, nanyi mmelala. Dawa ipo. Fungueni mipangilio ya mtandao huo, mtafute maneno Metered connection, maana yake muunganisho unaopimwa, mkayawashe. Tangu hapo marekebisho mengi yatangoja. Hayatakoma yote, wala filamu mtakazotazama hazitapungua uzito, kwa hiyo mkimaliza kazi zimeni hotspoti. Marekebisho yenyewe msiyaache daima, kwani huziba matundu ya wezi. Yapakueni siku mnapokuwa na bando la kutosha.

Kazi ya darasani: kaeni wawili wawili mbele ya kompyuta. Mmoja asome majina ya mitandao yaliyotokea, mwenzake ayaandike daftarini, na kando ya kila jina aandike kama lina kufuli au halina. Mwalimu atasahihisha.