Hospitali Isiyotafuta Faida: Hotuba Iliyosomwa Katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya hospitali zilizoanzishwa kwa michango wala si kwa kutafuta faida. Tumeona heri tutazame mbili tu, moja ya mbali na moja ya jirani, kwa kuwa zinahusu jambo litakalopigiwa kura leo.

Ya mbali ni Pennsylvania Hospital, katika mji wa Philadelphia, Marekani, nchi hiyo ilipokuwa bado chini ya Waingereza. Daktari Thomas Bond alitaka maskini wapate mahali pa kutibiwa. Akazunguka akiomba michango, akapata kidogo sana, ndipo akamwendea Benjamin Franklin. Ombi lilipofika Barazani, wajumbe wa mashambani walilikataa, wakisema hospitali itawafaa watu wa mjini tu, na ya kuwa hata hao wa mjini hawataichangia. Wazee mtayatambua maneno hayo. Yamepata kusemwa katika ukumbi huu. Franklin hakubishana nao. Alitunga sheria yenye sharti: wananchi wakichanga pauni 2,000, Baraza nalo litoe pauni 2,000. Wapinzani wakaikubali, wakidhani watasifiwa kwa ukarimu bila kutoa kitu. Lakini michango ilipita kiasi kilichotakiwa, maana kila mtu aliona fedha yake inazaa nyingine mfano wake. Hati ya hospitali ilitolewa mwaka 1751, na wagonjwa wa kwanza wakapokewa mwaka 1752.

Fedha, hata hivyo, ni nusu ya habari. Mwaka 1766 Bond alianza kuwafundisha wanafunzi penye vitanda vya wagonjwa. Bond alifariki mwaka 1784. Hospitali ingali ikitibu, na siku hizi imo chini ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Ya jirani ni Mengo, nchini Uganda. Daktari Albert Cook alifika huko mwaka 1897, akiwa katika msafara mmoja na mwuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye alimwoa. Hospitali yao ya kwanza ilikuwa ya matete na udongo. Nyingine iliyofuata ilipigwa na radi mwaka 1902 ikateketea, na ile ya matofali ikafunguliwa mwaka 1904. Jengo likiungua hujengwa tena. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kuwafikia akina mama waliojifungulia mbali. Kwa hiyo Bibi Cook alianzisha shule ya wakunga mwaka 1919, na mume na mke wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, jambo ambalo sisi twaliona kubwa kuliko matofali yote. Wakunga waliofuzu walikwenda kufanya kazi mashambani. Cook alifariki mwaka 1951, na Mengo haikufa naye: tangu mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda hufundishia udaktari hapo.

Sasa turudi nyumbani. Wazee kadhaa wameuliza kwa nini Kamati yataka theluthi moja ya makusanyo ya jengo la wazazi itengwe kwa ada za wasichana wetu watakaosomea ukunga, hali kuta hazijafika kwenye linta. Swali ni la haki. Ukuta huonekana, na mchangaji hupenda kuona. Tena wako wanaonong'ona kwamba msichana akisha kufuzu ataolewa mbali au atapata kazi Nairobi. Hofu hiyo haikosi msingi, ndiyo sababu pendekezo linamtaka kila atakayelipiwa atumike hapa miaka mitatu.

Lakini twawaomba mkumbuke akina mama wawili tuliowazika mwaka uliopita. Zahanati waliyopelekwa ina kuta nzuri na mabati mapya. Usiku ule mlango wake ulikuwa umefungwa, maana mkunga alihamishwa na mwingine hakuletwa.

Karatasi za kura ziko kwa Mtunza Hazina. Wanachama ambao hawajalipa ada ya mwaka, kwa kanuni zetu, watasikiliza lakini hawatapiga kura.