Kushuka Kilimanjaro na Mzazi

Umempandisha baba yako Kilimanjaro, jana mlifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na leo asubuhi mnaondoka kambi ya Mweka. Wengi hudhani kazi imekwisha. Bado. Kutoka hapo, karibu mita 3,100, hadi lango la Mweka mnateremka takriban mita 1,400, ndani ya msitu wenye mizizi na udongo unaoteleza mvua ikinyesha.

Kwenye mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, na goti hubeba uzito mkubwa kuliko wakati wa kupanda. Mzee wa miaka sitini na kitu hatalalamika. Wazazi wetu ndivyo walivyo. Basi mtazame anavyokanyaga. Mrefushie fimbo zake kidogo, mkazie kamba za viatu ili vidole visigonge mbele, kisha mwache atangulie, aamue mwendo. Usimhimize eti gari linasubiri. Litasubiri.

Langoni mtajiandikisha, mpokee vyeti vyenu. Wapagazi wapeni bakshishi zao mkononi, mzee akiwapo, maana naye atataka kuwashukuru mmoja mmoja.