Paka na Vichwa vya Samaki

Jioni yoyote pale Nguvumali, mama akikaa kuparua vibua au changu aliowanunua kwa muuza samaki wa baiskeli, paka wa nyumba tatu wamekwisha jipanga mbele yake. Vichwa na matumbo vinatupwa, vinagombaniwa, na kesho ni vivyo hivyo. Sisi watu wa Tanga tulikwisha kubaliana zamani kwamba chakula cha paka ni samaki. Leo napenda tuitazame imani hiyo, maana wapo paka wanaokufa kwa ajili yake, na wapo majirani wanaonuniana.

Nianze na hao majirani. Paka aliyekuwa mzima anakataa chakula. Siku chache baadaye anapepesuka kama mlevi, mboni za macho zimetanuka, shingo imeinama hata kidevu kinagusa kifua, na mwisho anashikwa na degedege. Mwenye paka hasiti: kalishwa sumu, na mtuhumiwa ni yule mfuga kuku wa nyumba ya pili. Ni kweli sumu ya panya inauzwa, na wenye roho hiyo wapo. Lakini shingo kuinama namna ile ni dalili inayojulikana ya upungufu wa vitamini B1, na huenda aliyeuleta ni mwenye paka mwenyewe, kwa mkono wake wa ukarimu.

Baadhi ya samaki wabichi, hasa matumboni, wana kitu ambacho wataalamu hukiita thiaminesi. Kazi yake ni kuivunja vitamini B1. Jambo hili lilianza kuonekana kwa mbweha. Mwaka 1932, katika shamba la Bwana Chastek huko Minnesota, Marekani, mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi walipooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi. Maradhi yakapewa jina la mwenye shamba, heshima ambayo sidhani aliiomba. Hata Wazungu wanaofuga fereti, mnyama wa ukoo mmoja na kicheche wetu, huonywa juu ya samaki hao hao.

Dawa ni moto. Thiaminesi haivumilii kuchemshwa.

Mtaniuliza: mbona mashume wa soko la samaki la Deep Sea wamenenepa? Ni swali la haki. Shume wa sokoni hali samaki peke yake. Usiku anakamata panya, mijusi na ndege, na panya mzima, nyama na maini yake, ni mlo uliokamilika kwa paka. Asili yake ni mwindaji wa nchi kavu, si mvuvi. Wa kuhurumiwa ni paka aliyefungiwa ndani ya geti, ambaye hana mlo mwingine ila ule unaomwekea.

Na kupika peke yake hakutoshi. Jodari na samaki wengine wenye mafuta mengi, wakiwa ndio mlo wa kila siku, humpunguzia paka vitamini E. Mafuta ya mwilini huvimba na kuuma, naye hataki tena kuguswa. Ng'onda ana chumvi nyingi mno. Bunju usimtupie hata kipande, maana sumu yake haitoki kwa kupikwa, na ini na mayai ndiyo mabaya zaidi.

Basi mchemshie hivyo vichwa, toa miiba, usitie chumvi, na mchuzi usiumwage, maana sehemu ya lishe imehamia humo. Mpe mara mbili au tatu kwa wiki. Siku nyingine ongea na muuza nyama akupatie kipande cha moyo au bandama, au uchukue matumbo ya kuku, uyachemshe. Ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa hujaza tumbo tu. Paka hawezi kuishi kwa nafaka.

Ukiiona ile shingo imeinama, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, na umweleze amekuwa akila nini. Sindano za vitamini B1, zikiwahi, huweza kumwinua paka ndani ya siku moja au mbili. Sumu ya panya haiponi kwa sindano hizo.